Wachumaji Walipoondoka

Kila nikipita karibu na kiwanda cha chai, harufu ya majani mabichi hunirudisha shambani kwetu. Mama alikuwa ametoka kuugua, na akiwa peke yake hakumaliza kuchuma hata mstari mmoja wa michai. Siku moja akina mama wa kikundi chake wakaja kumsaidia. Waliimba wakichuma, na katikati yao mama akachuma kama zamani, hata akawa ndiye anayeanzisha nyimbo.

Jioni wakaenda zao. Mama akaketi chini, kando ya kikapu kilichojaa.

“Mama, twende. Gari la majani litatuacha.”

“Ngoja kidogo, mwanangu. Wameenda na nguvu zangu.”

Nilijaribu kukiinua kikapu, nikashindwa. Nikaketi naye, tukalisikia gari likiteremka bila majani yetu.