Nilimtangazia Binti Yangu Mimba Ambayo Hakuwa Nayo

Admin, naomba hii isitoke na jina langu wala picha yangu, maana huku kwetu Mogitu watu tunafahamiana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mkulima, nimeolewa, nina watoto watatu. Mdomo wangu ni mkali, hilo hata mume wangu atawaambia. Ninayeandika habari zake ni binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Nitamwita Paskalina, siyo jina lake.

Ilianza wakati tunavuna mbaazi. Mtoto aliyekuwa anaamka kabla yangu kukamua ng'ombe, akawa hatoki kitandani mpaka nimvute shuka. Akitoka shule anatupa begi, analala. Ugali matonge mawili, ameshiba. Kwaya aliyokuwa anaipenda kuliko nguo mpya akaacha, anasema kichwa kinauma. Wageni wakija, hata shikamoo ilikuwa mpaka nimkodolee macho. Nikimuuliza una nini, "Sina kitu, mama." Ukimsema kidogo tu, machozi. "Umelala kama mzazi aliyejifungua jana!" nilikuwa namwambia hivyo kila siku. Siku moja neno hilo likanirudia mwenyewe. Mzazi! Nikasema kwisha habari yangu, huyu ana mimba.

Ndugu zangu, sikungoja kupima. Alhamisi ile kwenye jumuiya yetu ya sala, na mwenyekiti ndiye mimi, ulipofika wakati wa maombi nikasimama nikalia. "Tumwombee Paskalina, ameniletea aibu nyumbani." Sikutaja mimba, lakini kwa wanawake wale nani alihitaji kutajiwa? Wakaguna, wakanishika mabega, na mimi nikajiona mama jasiri anayebeba msalaba wake. Jumapili iliyofuata nilimlazimisha kwenda kanisani, na wasichana wa kwaya wakamwachia benchi zima akae peke yake. Niliona, nikasema potelea mbali, amejitakia.

Jumatatu nikaenda Katesh, nikanunua kipimo duka la dawa. Nikamsimamia chooni mlango ukiwa wazi, msichana mkubwa vile. Hakuna mimba. Nikasema labda bado changa, baada ya wiki mbili nikampima tena. Hakuna. Mnafikiri nilirudi jumuiya kusema? Thubutu! Nilinyamaza, nikaendelea kumtafuta huyo mwanaume niliyemtunga mwenyewe kichwani.

Halafu mdogo wake wa miaka tisa akaja jikoni amevaa sweta la Paskalina, mikono imemzidi, anacheka. "Dada amenipa. Amesema yeye halihitaji tena." Na baridi ya huku chini ya mlima mnaijua. Damu ikanichemka, nikajua anatoroka. Nikamfuata chumbani: "Mtaje! Leo utamtaja!" Hakupandisha hata sauti. Akasema, "Mama, hakuna mwanaume. Nimechoka tu. Natamani nikilala nisiamke tena."

Jamani! Nilikaa chini pale pale, na usiku ule nililala naye kitanda kimoja nimemshika mkono.

Kesho yake tulikuwa hospitali. Muuguzi aliyetupokea, dada mgeni kutoka mkoa mwingine, alizungumza naye kwanza peke yao, kisha akaniita. Akasema ni sonona, ni ugonjwa, unawapata hata watoto wanaokula na kuvaa vizuri, na siyo uvivu wala jeuri. Akaniuliza analalaje, anakulaje, ni vitu gani alivyovipenda ameviacha. Nilijibu yote bila kukosea, mpaka alianza lini. Akaniangalia, akasema, "Kumbe mama uliona kila kitu." Niliona, ndugu zangu. Niliona kila kitu, nikakiita mimba.

Sasa tunahudhuria kliniki. Tuliambiwa tusimwache peke yake, dawa za shambani tuziondoe nyumbani, tumsikilize bila kumkaripia. Nakaa naye tunachambua maharage, nafunga huu mdomo wangu, na siku nyingine anaongea mwenyewe sentensi mbili tatu. Siku moja katika hizo akasema, "Mama, utawaambia wale wa jumuiya kwamba sikuwa na mimba?" Nikasema ndiyo mwanangu, nitawaambia.

Mume wangu hataki kusikia. "Ukisema hana mimba watauliza anaumwa nini. Utawajibu nini, kichwa? Watamwita kichaa, nani atamwoa? Acha, watasahau wenyewe." Nilimkubalia upesi mno, nikajiambia namlinda mtoto. Uongo mtupu! Najilinda mimi. Naogopa wanawake wale wajue kwamba mwenyekiti wao alimchafua binti yake mwenyewe, tena kwa sala.

Alhamisi iliyopita nilirudi kutoka jumuiya nikamkuta amekaa mlangoni ananingoja. Alikuwa amechana nywele, kitu ambacho sikukiona kwa miezi. "Mama, umewaambia?" Nikasema bado, muda haukutosha. Akasema, "Haya, mama." Akaingia ndani akalala na viatu, na jua lilikuwa bado halijazama.

Alhamisi hii jumuiya inasali nyumbani kwangu. Ninyi ambao watoto wenu wamepitia haya, nishikeni mkono: niseme yote mpaka ugonjwa wake, au niseme tu kwamba nilimsingizia? Na nimuulize kwanza yeye anataka yapi yasemwe? Nitukaneni mkipenda, nastahili. Ila nijibuni kabla ya siku hiyo, maana safari hii atakuwa chumba cha pili, anasikiliza.