Katiba Yangu ya Vifungu Themanini na Vitatu

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, niliyoamka nikiwa na uhakika na kila kitu, na kufika jioni sina uhakika hata na soksi zangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, katibu wa kanisa letu dogo pale Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya Burundi, mahali ambapo mlima unateremka mpaka ziwani na kuwaachia watu ukanda mwembamba tu wa mchanga wa kujenga nyumba na kuanika dagaa.

Mchungaji wetu alikaa Kigoma mjini na kutufikia kwa boti mara moja kwa mwezi, ziwa likikubali. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa wazee wawili watatu na mimi. Na mimi, nakiri bila kuficha, nilikuwa nimelikamata kweli kweli.

Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyopita mkononi mwangu: nyaraka za kanisa, maelezo ya dawa ya mahindi, hata magazeti ya kufungia maandazi. Aliyejifundisha mwenyewe, mwanangu, ana ugonjwa wake. Hulala akiogopa kwamba kesho atatokea msomi na kumuumbua mbele ya watu. Dawa niliyojitengenezea ilikuwa katiba. Niliiandika kwa mkono, miezi mitano, vifungu themanini na vitatu. Kulikuwa na kifungu cha rangi ya soksi za wanakwaya. Kulikuwa na kifungu kilichokataza kutafuna muwa barabarani ukiwa umevaa sare. Kifungu cha arobaini na moja kilieleza namna ya kumwamsha anayesinzia wakati wa mahubiri: kwa upole, begani, upande wa kulia. Mzee mmoja aliniuliza, je, kama bega la kulia linauma? Nilikwenda nyumbani nikaongeza kifungu kidogo.

Watu walinivumilia. Sasa ndiyo najua kwamba walinivumilia. Wakati ule nilidhani wananitii.

Basi mwaka ule watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi, wengine kwa miguu juu ya mlima, wengine kwa mitumbwi, mpaka ufuko wetu ukajaa kuanzia sokoni hadi kwenye mawe. Walisubiri meli ya kuwapeleka Kigoma, na kutoka hapo kambini. Walioandikwa karatasi moja walisafiri pamoja. Wasio ndugu, kila mmoja na karatasi yake na siku yake, na hakuna aliyejua kwa hakika kama meli ya Alhamisi na meli ya juma lililofuata zinaishia kambi moja.

Jumanne hiyo asubuhi wakaingia ofisini kwangu vijana wawili. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya vitabu vya nyimbo na mfuko mmoja wa saruji iliyoganda. Kijana aliitwa Nzeyimana, binti aliitwa Esperansi. Harusi yao ilikuwa ifungwe Jumamosi ya juma lile lile, huko kwao. Tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa kanisani Jumapili mbili. La tatu lilipokuwa lisomwe, waliokuwa walisikie walikuwa tayari njiani na magodoro kichwani. Sasa kijana ameandikwa meli ya Alhamisi pamoja na vijana wasio na familia. Binti ameandikwa na shangazi yake, meli inayofuata.

“Tunaomba mutufungishe kabla ya Alhamisi, Katibu,” alisema Nzeyimana. “Tukiwa mume na mke tutapata karatasi moja.”

Nilifungua daftari. “Barua ya mchungaji wenu?”

“Mchungaji wetu yuko hapo nje, kwenye foleni ya uji.”

“Sikuuliza mchungaji,” nikasema. “Nimeuliza barua.”

Mwanangu, sentensi hiyo niliisema mimi, kwa mdomo huu ninaokula nao chakula. Na niliona nimesema vizuri.

Wakaenda kumwita. Akaja mtu mrefu, kavaa kitenge cha mkewe kwa sababu suruali yake ilikuwa imeanikwa, kikombe cha uji mkononi. Akanisalimu kwa amani ya kwao, “Amahoro,” nami nikamjibu kwa amani yetu. Akaeleza kwamba hao wawili aliwabatiza mwenyewe, na matangazo mawili aliyasoma mwenyewe.

“Muhuri wa kanisa lenu, Mchungaji?”

“Niliuacha mezani. Mikono ilikuwa miwili tu, nikabeba watoto.”

Nikaandika: Muhuri, haupo. Kisha nikamweleza kwa heshima zote kwamba, kwa kifungu cha kumi na tisa, hata yeye nisingeweza kumtambua kuwa mchungaji bila barua ya mkuu wake.

Akautazama uji wake. “Mkuu wangu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni,” akasema. “Nimwite, au naye utamtuma akalete ya mkuu wake? Maana huyo bado yuko ng'ambo.”

Sikucheka. Nikatoa uamuzi: matangazo yaanze upya, Jumapili tatu, kama katiba inavyosema.

Esperansi akasogea mbele. “Jumapili ya tatu tutakuwa wapi, Katibu?”

“Kifungu hakisemi.”

“Basi kiulize. Sisi tunangoja hapa.”

Wakangoja kweli, binti kasimama mlangoni, mpaka nikajifanya nina haja ya kumwona mzee wa kanisa, nikatoka.

Mzee wa kanisa niliyemfuata alikuwa mwanamke, Bibi Damari, mchuuzi wa dagaa, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa juani. Nilitegemea sifa.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, Katibu. Shika upande huo, tugeuze.”

Nikageuza dagaa na nguo zangu za ofisini huku nikimsimulia yote, kifungu kwa kifungu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mtu asiyejua, na hapo ningepaswa kuogopa, kwa sababu Bibi Damari hakuna alichokuwa hajui.

“Hilo tangazo husomwa kwa nini, mwanangu?”

“Ili mwenye pingamizi ajitokeze.”

“Na nani angelijua pingamizi la hawa?”

“Watu wa kwao.”

“Watu wa kwao wako wapi?”

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Palikuwa na akina mama wanachambua maharage, wazee wamelalia mabegi, watoto ndani ya maji. Kijiji chao kizima, na vingine viwili vya jirani.

“Wako hapa,” nikasema.

“Sasa wewe unataka watoke hapa kwanza, wasambae makambini, ndipo utusomee sisi watu wa Kagunga tusiomjua hata baba wa binti. Jumapili tatu.” Akageuza dagaa. “Yule towashi wa Kushi aliyekuta maji njiani akaomba kubatizwa, Filipo alimwambia angoje Jumapili tatu?”

“Hapana, Bibi.”

“Alimdai barua?”

“Hapana, Bibi.”

“Kifungu cha kwanza cha katiba yako kinasemaje?”

Hapo ndipo nilipokwama. Cha soksi nilikijua. Cha bega la kulia nilikijua pamoja na kile kidogo chake. Cha kwanza hakikuja. Nikababaika nikasema nadhani ni utangulizi tu. Ikabidi nitoe katiba mfukoni, kwa sababu nilitembea nayo, na kuisoma mbele ya dagaa na kunguru: “Bwana wa kanisa hili ni Yesu Kristo, na neno lake ndilo litakaloamua mambo yote.” Nilikiandika kwa sababu katiba zote nilizowahi kuona zilianza hivyo, kama barua inavyoanza kwa salamu.

“Umemweka juu kabisa,” akasema Bibi Damari, “halafu ukapanga vifungu themanini na viwili mlangoni vya kumzuia asiingie. Sikio halizidi kichwa, mwanangu. Wewe una masikio themanini na mawili na kichwa umekisahau. Haya, niambie kweli. Unamwogopa nani?”

Nilitaka kusema namwogopa Mungu. Ulimi ukakataa. Nikasema, “Naogopa mchungaji atakuja kutoka Kigoma akute nimekosea.”

“Kwa hiyo hawa wawili waachane ili wewe usikosolewe.”

Hakupandisha sauti. Angenipigia kelele ningejitetea. Vifungu vya kujitetea nilikuwa navyo. Nilisimama na dagaa mmoja amenasa kwenye kidole, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba sikuwa mtumishi wa Kristo, wala wa katiba. Bwana wangu alikuwa hofu. Ndiyo iliyoniamsha asubuhi, ndiyo iliyonichagulia maneno, na hata sala zangu ilizikagua kabla hazijatoka.

Nikarudi ofisini. Esperansi alikuwa pale pale mlangoni.

“Kimesemaje?” akaniuliza.

“Kimesema nilikuwa mjinga,” nikamjibu. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Jumatano alasiri yule mchungaji, sasa amevaa suruali yake, alipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kusoma tangazo la tatu. Hakuna kanisa la kwao lililowahi kuwa na watu wengi hivyo. Alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, mzee mmoja akanyoosha mkono. Nikafungua daftari.

“Mimi sina pingamizi, nina neno,” alisema yule mzee. “Huyu binti ni mkali. Tangu mtoto. Nilitaka kijana ajue, asije akasema hatukumwambia.”

“Ego,” alijibu Nzeyimana, yaani ndiyo. “Jana nimemwona ofisini kwa Katibu.”

Watu wakaangua kicheko, na vijana wale wakafungishwa ndoa pale pale. Shangazi akawapikia samaki aina ya migebuka kwa mawese, mchango wa Bibi Damari, na kwaya zao tatu zikaimba bila mtu kukagua miguu ya mwenzake. Wengi hawakuwa na viatu, seuze soksi.

Ungedhani nimepona. Ugonjwa wa moyo hautoki kwa siku moja. Usiku ule niliandika cheti chao cha ndoa, asubuhi nikaona herufi moja imelala, nikaandika kingine. Cha pili ukingo wa kushoto ulikuwa mpana kuliko wa kulia. Nilikuwa kwenye cha nne Bibi Damari aliposimama mlangoni.

“Katibu, mashua ya kuwapeleka melini inapakia.”

“Namalizia, Bibi. Huu mstari tu.”

Alinyanyua cheti, akakitia mkononi mwangu, akanigeuza mabega yote mawili kuelekea ziwani. Nikakimbia. Mashua ilikuwa imeshasogea, na mwandikishaji wa wakimbizi amesimama ndani yake na orodha yake, anamwonyesha Esperansi ashuke. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi sikupata hata nafasi ya kuvua. Niliingia na suruali nyeusi iliyopigwa pasi, maji yakanifika kifuani, wimbi likanipiga mgongoni, nami nikainua cheti juu kama mtu anayejisalimisha. Kilipofika kwa mwandikishaji wino ulikuwa umetambaa kote. Pale penye majina palikuwa na wingu la buluu.

“Hapa pameandikwa nini?” akauliza.

Meno yaligongana, na kazi ya usiku mzima ilikuwa ikidondoka matone mkononi mwake. Akamgeukia Nzeyimana. “Huyu ni mke wako?”

Kabla hajajibu, mashua nzima ikajibu. Mchungaji akasema ni mkewe, yule mzee wa pingamizi akasema ni mkewe na tumeshamwonya, na kule ufukweni shangazi akapaza sauti kwamba amecheza jana mpaka goti limevimba, sasa anayetaka ushahidi aje alitazame goti. Mwandikishaji akafuta mstari mmoja kwenye orodha, akaandika jina la Esperansi chini ya la mumewe. Cheti akamrudishia binti, naye akakitandaza gotini kikauke.

Mchungaji wetu alipokuja mwisho wa mwezi nilimkabidhi daftari na kuungama kila kifungu nilichovunja, kwa mpangilio. Alisoma ukurasa wa ndoa ile, akatikisa kichwa kwa kukubali, akageuza. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

“Siku hizo zote, wale akina mama na watoto walilala wapi?”

“Ufukweni, Mchungaji.”

“Na kanisa?”

Nilikuwa nimelifunga. Kifungu cha saba kiliruhusu kufungua Jumapili na Jumatano. Kati ya vifungu vyangu vyote, mwanangu, hapakuwa na kimoja kilichomkaribisha mgeni ndani. Hilo ndilo kosa alilolikuta, na ndilo pekee ambalo sikuwa nimeliogopa.

Sasa sikia ninachokuambia, na usinielewe vibaya. Sikuambii uchome katiba. Kanisa bila utaratibu ni ngoma bila mpigaji, na mpaka leo soksi zangu zinafanana. Lakini utaratibu ni mtumishi, na mtumishi akikalia kiti cha bwana, nyumba huharibika huku inaonekana safi. Usimpime Bwana wa maisha yako kwa jina uliloandika juu ya ukurasa. Mpime Jumanne asubuhi, mtu mwenye shida anaposimama mbele yako: jiulize ni nani unayetaka kumpendeza kwa jibu utakalotoa. Kama ni Kristo, neno lake utalijua kwa kuwa litamwangalia huyo mtu. Kama ni hofu, itakuangalia wewe. Na ukiona umekosea, rudi upesi. Anayengoja mlangoni hana Jumapili tatu. Mimi hofu hiyo bado hunitembelea. Huisalimu, nikaipa kigoda, lakini funguo siipi tena.

Nenda basi, mwanangu. Bwana akutawale yeye mwenyewe, asiwakilishwe kwako na woga. Mkono wako uwe mwepesi kufungua kuliko kuandika, mlango wako uwajue wageni, na siku utakapokosea, akupe mtu wa kukugeuza mabega akuonyeshe ziwa lilipo. Amina.