Mvua Ikinyesha, Baba Anakuja

Enzi zetu kule Zombe, Kiingereza kilikuwa somo la kuchanganya kichwa, na kilichonichanganya mimi kabisa ni zile sentensi za wakati: when, before, until. Darasa la tano hilo. Tunanuka moshi wa kuni, tumeshiba isyo ya jana, mahindi na maharagwe baridi, na Madam ameshika chaki. Watoto wangu siku hizi wakiulizwa swali, wanaiuliza simu. Sisi tulikuwa na mabati tu ya kutazama.

Siku hiyo Madam aliandika ubaoni: "When it rains..." Akasema tumalizie, kila mtu aandike lake.

Sasa mvua ikinyesha, kwetu hufanyika nini? Baba anakuja. Hilo hata mtoto wa nasari alilijua. Nau, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikamba, alikuwa mjini Mwingi akipakia mbuzi kwa malori ya matajiri wa mifugo, na kila akiondoka alimwambia mama maneno yale yale: "Mvua ikishika, mtaniona. Hiyo plau msiiguse." Ng'ombe wetu wawili walikuwa hawasikii mtu mwingine. Na mwaka huo nilikuwa na hamu ya kumwona baba mpaka basi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "When it rains, my father comes home."

Madam akapita na kalamu nyekundu. X kubwa! Kando yake akaandika jibu la kitabu: "we stay indoors", yaani tunakaa ndani ya nyumba. Wacha! Nani hukaa ndani mvua ikinyesha? Kwetu mvua ikigusa mabati, hata nyanya anayetembelea mkongojo anatoka na mbegu zake za ndengu. Nilichanganyikiwa siku nzima. Mwisho nikaelewa hivi: Madam, mtu anayejua kila kitu, amesema baba haji.

Na kweli. Mvua ikashika Jumanne, majirani wakaanza kulima, mama akawa anatazama barabara. Jumatano, hakuna baba. Alhamisi mama akachukua jembe la mkono akachimba mashimo, nami nyuma yake nikidondosha mbegu huku nalia. Nilishindwa kumwambia kosa ni langu.

"Wewe unalia nini?"

"Matope yameniingia machoni."

Jioni nikatoa daftari, nikalowesha kidole kwa mate, nikaisugua ile X mpaka karatasi ikatoboka.

Ijumaa baba akaingia, suruali ameikunja mpaka magotini. Mto ulikuwa umejaa, akasema, na lori lao lilikwama ng'ambo siku tatu. Watu wazima waliiamini hiyo habari ya mto. Mimi niliamini mate yangu, na niliyaamini kwa miaka mingi, jamani.

Juzi hapa Nairobi nilikuwa nakagua kazi ya binti yangu, naye yuko gredi ya tano. Nikaikuta sentensi ile ile. Aliimaliza bila hata kufikiria: "we stay indoors", na alama nyekundu ya sahihi. Nilikuwa bado naitazama sentensi hiyo, simu ikalia. Ni nau. Amezeeka sasa, sauti imekuwa nyembamba.

"Imeshika huku," akasema. "Ng'ombe nimewafunga, lakini hii plau imeshinda mikono yangu. Unakuja lini?"

Nikamwambia kazi ni nyingi, labda nikipata nafasi, labda mwezi ukiisha. Akasema, "Haya, mwanangu," akakata. Nje mvua ilikuwa inapiga dirisha letu, nami nimekaa kwenye kochi na chai yangu, ndani ya nyumba. Sijui hata nilifikiria nini. Nilishtuka tu binti yangu ananishika mkono, na kidole changu kina mate, kiko juu ya daftari lake, kinasugua.

"Mum, unafanya nini? Hiyo nimepata!"