Keria ya Mbele

Mwaka ule masika yalianza mapema na hayakutaka kukoma. Barabara ya udongo mwekundu inayotoka mjini Karatu, tunakoishi, kwenda Kansay ilikuwa imekatika mahali pamoja, kwenye korongo lililo karibu na nyumbani kwa wazazi wa mke wangu. Maji yalikuwa yamebeba karavati na kuacha kingo mbili zinazotazamana. Gari liliweza kufika ukingo wa huku na kugeuka. Watu wa miguu, ng'ombe, na kila chombo cha magurudumu mawili walipita chini, kwa njia nyembamba iliyochongwa na kwato, na kupanda upande wa pili.

Mke wangu alikuwa na nyonga mbovu. Aliivunja katika ajali ya bodaboda. Mfupa ulikuja kuunga, lakini uliunga vibaya, na tangu hapo mwendo wake ulikuwa wa kutoka chumbani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kiti cha barazani, kwa fimbo. Bodaboda hakuipanda tena, wala hakupenda mtu amtajie. Huko Kansay mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa kitanda. Uzee na kifua vilikuwa vimeshirikiana, na kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na mama, alitupigia simu karibu kila jioni kutueleza alivyoamka na alivyoshinda.

Kaka huyo alishauri tukodi gari hadi korongoni, kisha vijana wamvushe dada yao juu ya kitanda. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mtu anayebebwa kitandani," akamjibu, "anapelekwa hospitali au kaburini. Unataka mama anione naingia hivyo? Si atakufa kwa kunionea huruma mimi?"

Jambo lililokuwa mbele yetu, basi, lilikuwa moja: kumfikisha binti kwa mama yake, akiwa amekaa, kabla mama hajaondoka.

Jirani yetu, aliyewahi kuwaongoza wageni katika lodge moja upande wa Oldeani, alikuwa na baiskeli ya umeme. Lodge ilipobadilisha baiskeli zake alijipatia moja, akaiendesha msimu mmoja, kisha akaiweka ghalani kwa sababu, alivyosema, haikuwa na mahali pa kuweka hata mche wa sabuni. Wageni hupanda chombo kile kwenda kutazama mashamba ya kahawa na ukingo wa msitu wa Ngorongoro, na hawana cha kubeba. Nilipoipanda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, niliona kwamba ilikuwa na sifa tulizozihitaji: ilikwenda polepole ukiitaka iende polepole, haikurukaruka, na motor yake ilisaidia miguu yangu mlimani pasipo kelele yoyote. Mke wangu aliitazama kutoka barazani, akauliza kama inaweza kusimama ghafla. Nikamwonyesha breki. Akasema atajaribu. Nikainunua.

Fundi niliyempelekea alikuwa na kibanda nyuma ya stendi. Aliizunguka baiskeli, akaigonga fremu kwa spana, akasikiliza.

"Mwalimu, hii haichomeleki," akasema. "Ni aluminiamu. Nikiigusa na mashine yangu inadondoka kama mshumaa. Kila kitu kitakuwa cha kufunga na bolti."

"Basi tufunge."

"Tutafunga. Lakini aliyetengeneza chombo hiki, nakuapia, hana shangazi. Hana hata mama mkwe. Angekuwa nao angeweka keria."

Aliniuliza mama, yaani mke wangu, anakaaje, nami nikamweleza. Wanawake wa rika lake huku kwetu hukaa upande, miguu yote miwili kushoto, na hata kama angependa kukaa kwa kutanua, nyonga isingemruhusu. Kutokana na jibu hilo kila kitu kingine kilipangika. Fundi alitengeneza keria pana ya bomba za chuma, akaishikiza kwenye fremu kwa vibano vya mabati mazito, na chini ya kila kibano akaweka kipande cha tyubu kuukuu ili chuma kisiitafune aluminiamu. Juu yake akafunga mto wa sponji uliovikwa turubai. Egemeo la mgongo hakuliweka nyuma, bali upande wa kulia, kwa kuwa ndiko mgongo wa mtu aliyekaa upande unakoelekea. Likashikiliwa na mihimili miwili iliyoshuka hadi karibu na ekseli. Kushoto akaning'iniza ubao wa kukanyagia, mpana kiasi cha kutosha viatu viwili, wenye mpira usioteleza. Kati ya ubao na gurudumu akakaza wavu wa waya, kanga isije ikaingia kwenye spoku.

Nilimpandisha mke wangu uani kwetu, kijana mmoja wa jirani akiishika baiskeli. Tukazunguka mti wa mparachichi, tukatoka barabarani, tukafika hadi kanisani na kurudi. Aliposhuka alikaa barazani, akainyoosha kanga yake.

"Hainiumizi," akasema.

Jioni ile kaka yake alipopiga simu nilimwambia kuwa chombo kipo tayari.

"Basi njooni kesho, shemeji. Mama ananiuliza habari zenu kila akiamka. Anadhani ninyi mko uani."

Tungeweza kwenda. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli, wala si kwa sababu ninajua mtu gani alipaswa kutenda tofauti.

Mke wangu alikuwa jikoni, akipanga vitu juu ya meza: sukari, majani ya chai, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, chupa ya asali kwa ajili ya kifua cha mama, na blanketi jipya. Habari za safari zilikuwa zimeshaenea, kwa hiyo majirani wenye ndugu Kansay walikuwa wameleta vyao, sukari zaidi, sabuni, kitenge kilichokunjwa na kufungwa kwa uzi. Kwetu huwezi kumkatalia mtu mzigo wa namna hiyo. Ni sehemu ya salamu. Nikamuuliza vyote hivi vitakaa wapi.

Alitoka na fimbo yake kuitazama baiskeli. Kushoto palikuwa na miguu yake. Kulia palikuwa na mihimili ya egemeo. Mgongoni mwangu begi lisingekaa, maana ndipo bega lake lingeegemea.

"Vitangulize kwa bodaboda," nikasema.

"Halafu wake za kaka zangu wapokee sukari mlangoni kwa dereva, na mimi nifike nyuma yake nimekaa kama bibi harusi?"

"Basi twende hivi hivi. Mama hakuulizia sukari."

"Mama hakuulizia kwa sababu anajua nitaleta. Mavuno yaliyopita sikwenda. Krismasi sikwenda. Leo niende kumtazama mgonjwa mikono mitupu, kama mtalii? Ningevaa na kamera shingoni, basi."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, na suala likawa limekwisha. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Hilo hata mimi nililijua tangu utotoni, wala sikuwa na hoja ya kulipinga ambayo isingekuwa hoja ya uvivu.

Kulipokucha niliirudisha baiskeli kwa fundi. Alijaribu kikapu kwenye usukani, lakini nyaya za breki na kile kioo kidogo kinachoonyesha chaji ya betri vilikizuia kukaa sawa, na tulipokijaza mawe ili kukipima, usukani ulijipindua wenyewe. Ilibidi mzigo ukae chini, juu ya gurudumu la mbele, ukishikwa na uma unaolibana gurudumu hilo. Uma ule ulikuwa wa shokamzoba za kumeza mitikisiko, mnene, na vibano vyote vya fundi vilikuwa vidogo.

"Nikulazimishie vidogo?" akauliza. "Nitakaza. Lakini pale korongoni, ukishuka na mama nyuma na unga mbele, kikiachia, sitaki kusikia hiyo habari."

"Vikubwa viko wapi?"

"Arusha. Nimwambie kijana wa duka aviweke kwenye basi?"

Nikamwambia aviagize. Basi la siku iliyofuata lilifika bila kifurushi; duka lilikuwa limefungwa. Mvua ikaendelea kunyesha. Mawingu yaliushukia mlima hadi tusiweze kuuona msitu, na magari ya watalii yakapita kuelekea lango la Ngorongoro yakiwa yamewasha taa mchana.

Usiku ulipoingia kaka alipiga tena. Safari hii aliongea na dada yake, nami nilisikia kwa sababu yeye husikiliza simu kwa spika. Mama alikuwa amekataa uji. Alikuwa akiwaita watu kwa Kiiraqw, baadhi yao watu waliokwisha kufa.

"Dada, njooni tu," akasema. "Hayo mengine yataletwa baadaye."

"Mama amekutaka useme hivyo?"

"Ninasema mimi."

"Vibano vya keria vinafika kesho na basi la asubuhi," akasema mke wangu. "Mwambie mama nafika. Mwambie nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe."

Alipokata simu nilimuuliza kama kweli tungojee. Alikuwa akiufunga upya ule mfuko wa sukari ambao ulikuwa umefungwa vizuri tangu mwanzo.

"Ukifika kwa mtu aliyekuzaa," akasema, "unafika mara moja. Hufiki leo vibaya, ukafika kesho vizuri."

Vibano vilifika. Fundi alivifunga pale pale stendi, chini ya upenu wa duka la simu, huku mvua ikitiririka kwenye bati. Alitengeneza sahani ya keria yenye ukingo ulioinuka ili mfuko usiteleze, akaipa mihimili miwili hadi kwenye ekseli ya mbele, akahamisha taa juu yake isije ikafunikwa, kisha akasimama juu ya ile sahani kwa miguu yake yote ili nione kwamba haitikisiki. Jioni tuliijaza betri chaji mpaka taa yake ikawa ya kijani. Vitu viliingia vyote. Asali niliiviringisha ndani ya blanketi.

Tuliondoka kulipopambazuka, na ninaweza kusema bila kutia chumvi kwamba chombo kilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Uzito wa mbele uliutuliza usukani. Penye matope niliteremka na kuisukuma, naye akabaki amekaa, mkono mmoja kwenye egemeo. Korongoni watu wawili waliokuwa wakivusha punda walitusaidia kwenye mteremko, mmoja akiushika mzigo na mwingine akilishika egemeo, huku wakimtania mke wangu kwamba amepata gari lisilokula mafuta. Aliwajibu kwamba linakula mume. Ng'ambo motor ikatupandisha.

Tulipoufikia ua wa nyumbani kwao, niliona viti. Vilikuwa vimetolewa nje na kupangwa chini ya turubai, na wanaume walikuwa wamekaa juu yake wakiwa na makoti, asubuhi ile ya siku ya kazi. Nyuma ya nyumba moshi mkubwa ulikuwa ukipanda kutoka kwenye moto wa nje. Nilisimamisha baiskeli. Mgongoni mwangu nilihisi bega la mke wangu likijitenga.

Kaka yake alitujia, akaushika usukani, na hakunisalimia.

"Saa ngapi?" mke wangu akauliza.

"Kabla ya jogoo."

"Hamkupiga simu."

"Tulipomaliza kumhudumia kulikuwa kumekucha, tukajua mpo njiani. Ningempigiaje mtu aliyekaa juu ya baiskeli korongoni?"

Hakushuka mara moja. Wake za kaka zake walikuja, wakamkumbatia akiwa bado amekaa, kilio kikaanza upya ndani ya nyumba. Mmoja wao, aliyekuwa na shughuli za jiko, alizifungua kamba za keria ya mbele, akabeba mfuko wa kwanza hadi motoni. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba afadhali, sukari ilikuwa imewaishia na watu wa kijiji cha pili bado hawajafika. Chai ya waombolezaji ilipikwa kwa sukari ile, maandazi yakaumuliwa kwa unga ule. Kitenge na sabuni viliwafikia wenyewe. Blanketi alilichukua mke wangu mwenyewe akaingia nalo ndani, kwa fimbo, akamfunika mama yake.

Mama mkwe alizikwa siku iliyofuata, karibu na mumewe, mvua ikinyesha. Mke wangu alibaki Kansay kukaa matanga. Mimi nilirudi Karatu kwa miguu hadi korongoni na kutoka hapo kwa gari la watu, kwa sababu baiskeli niliiacha kwa kaka yake, amrudishe nayo dada yake matanga yakiisha; imebaki kwake hadi leo, naye huitumia kuteka maji.