Jicho la Kulia la Bouavanh

Taa iliyo kwenye njia ya kubadilishia pande, karibu na daraja la Savannakhet, inawaka kijani. Bouavanh Sengmany anaingiza gia, kisha, bila kugeuza kichwa, anampiga mumewe kikofi cha gotini.

"Baba, amka. Zamu yako."

Khamsing anafumbua macho. Ananawa uso kwa maji ya chupa, anavua kofia, anashusha kioo cha upande wake. Lori lililojaa makopa ya muhogo linajikunja taratibu kutoka mkono wa kulia wa barabara kwenda wa kushoto, na mbele kuna Mto Mekong na ng'ambo yake Thailand. Katikati ya mke na mume ameketi Anousit, mwenye lori, anayetabasamu kama mtu aliyemkuta mwizi wa kuku bandani.

"Kaka, umelala tangu tumetoka ghalani," anasema. "Umekoroma mpaka nikadhani giaboksi imekufa."

"Nilikuwa nakoroma kwa niaba yako, bosi. Ulionekana umechoka."

Wote wanacheka, hata mwandishi wa makala haya aliyejibanza kwenye kitanda cha nyuma ya viti. Lakini safari yenyewe si ya mzaha. Anousit alirithi malori manne kwa baba yake mwaka jana, na tangu hapo anayakagua kiti kwa kiti. Amekuja kujionea kwa nini lori hili lina watu wawili, na kwa nini utingo analipwa kip milioni tatu, pesa za Laos, kwa mwezi kwa kazi ambayo, kwa macho yake, ni usingizi. Asiporidhika leo, Khamsing atabaki nyumbani.

"Akishuka yeye, nashuka na mimi," Bouavanh alimnong'oneza mwandishi asubuhi wakati akikagua matairi. "Sijamwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza kusikia."

Sisi Walao tunaendesha kulia, na usukani wetu uko kushoto. Majirani zetu wanaendesha kushoto. Lori likivuka, usukani haujui kwamba umevuka. Unabaki palepale, na dereva anajikuta amekaa ukingoni, anaona mtaro, majani na mbwa wa watu, ila gari linalomjia halioni kabisa.

"Kwetu naendesha kwa macho yangu," anasema Bouavanh. "Huku naendesha kwa macho yake. Wapo madereva wanaopita kwa kubahatisha. Mimi sibahatishi. Nimekuja huku miaka kumi na moja na sijapata hata mkwaruzo."

Analisema hilo kidevu juu, na ana haki ya kukiinua. Mwanzoni Khamsing ndiye aliyekuwa dereva na yeye utingo. Kisha Khamsing akaanguka kutoka juu ya shehena, goti likakataa klachi, wakabadilishana viti. Kijijini kwao, karibu na Seno, watu walicheka hadi wakashika mbavu: mwanamke kashika usukani, mwanamume kashika kikapu cha wali.

"Waache wacheke," anasema Khamsing. "Aliyeshika kikapu halali njaa."

Mukdahan, mji wa kwanza ng'ambo ya mto, pikipiki inawakatia mbele. Anousit ananyoosha mkono kwenye honi, na Bouavanh anauzuia.

"Acha, mdogo wangu. Huku ukimpigia mtu honi umemtukana."

"Sasa unamwambiaje?"

"Humwambii. Unapunguza mwendo, roho inakuuma, maisha yanaendelea."

Kwetu honi ni salamu. Unabisha hodi kwenye kona, unawaomba ng'ombe njia, unamjulisha shangazi kwamba umepita. Kwenye makutano napo mambo ni mengine: baadhi ya madereva wa ng'ambo huwasha taa zote nne kusema wanakwenda moja kwa moja. Kwetu anayewasha taa zote nne ameharibikiwa, na muungwana husimama kumsaidia. Mwaka wao wa kwanza Khamsing aliruka chini na spana, akamkimbilia mtu ambaye gari lake halikuwa na tatizo lolote.

"Alifunga kioo," anasema Khamsing. "Alidhani namvamia."

Baada ya saa moja hivi wanaingia barabara nyembamba ya milimani kuelekea Kalasin. Mbele yao kuna lori la miwa, zito, linapanda kwa kuhema. Anousit ana njaa. Anatazama saa yake, anatazama miwa, anatazama saa tena.

Lori la miwa linawasha indiketa ya kulia.

"Amekupa njia, dada," anasema Anousit. "Pita."

"Bado," anasema Khamsing. Amejitokeza dirishani hadi kifuani.

"Kaka, mtu kawasha ya kulia kabisa."

"Bado, mama."

Bouavanh haulizi kwa nini. Mguu wake unabaki palepale. Kisha lori la mafuta linachomoza konani likishuka kwa kasi, na upepo wake unaitikisa kebini yote. Kikapu cha wali kinaanguka miguuni mwa Anousit, na hakuna anayekiokota.

Baadaye kidogo Khamsing anaeleza, kwa upole. Kwetu, lori la mbele likiwasha ya kulia, linasema nimejibana ukingoni, pita. Huku, kulia ndiyo katikati ya barabara. Akiiwasha, anasema kaa nyuma, kuna mtu anakuja.

"Alitutendea wema yule," anasema. "Ni sisi tu tungemwelewa kinyume."

"Baba yangu alikuwa anayajua haya?" anauliza Anousit.

"Ndiye aliyenifundisha. Yeye somo hilo lilimgharimu kioo na nusu ya bodi."

Lori la miwa linawasha ya kushoto. Khamsing anachungulia tena. "Sasa. Nenda. Nenda. Nenda. Rudi." Bouavanh anakwenda na kurudi kama alivyoambiwa, na mwandishi huyu, ambaye ni Mlao na haoni haya kusema, anajisikia fahari. Kileleni, penye kibanda cha mizimu kilichovikwa mashada ya maua ya manjano, dereva anapiga honi mara tatu kuisalimu mizimu. Hapo tu ndipo honi inaruhusiwa na wote.

Wanashusha makopa kiwandani, wanakula wali wa kunata kwa kuku wa kuchoma na pilipili ya kutwanga. Wakati wa kurudi Anousit anaomba kiti cha kulia. Khamsing anahamia katikati.

Haupiti muda wanakutana na mkokoteni wa trekta uliojaa majani makavu.

"Twende?" anauliza Bouavanh.

"Ngoja."

"Sasa?"

"Ngoja, dada. Kuna kitu kinang'aa kule."

"Hilo paa la hekalu, bosi," anasema Khamsing. "Halijawahi kugonga mtu."

Wanatambaa nyuma ya majani hayo. Bouavanh hamharakishi. Jasho linamtoka Anousit. Mwishowe anaomba lori lisimame kando.

"Kaka," anasema, huku akifungua mlango. "Njoo ukae kwenye kiti chako."

Khamsing anarudi dirishani. Bouavanh anaingiza gia.

Wakiwa wanakaribia daraja, Anousit anachangamka tena. Amepata mzigo wa kupeleka Da Nang, Vietnam, mwezi ujao. Safari ndefu, lakini njia yote ni ya kulia, kama kwetu.

"Huko hakuna kuvuka pande, dada. Jicho la kulia halina kazi. Utakwenda peke yako, au siyo?"

"Kweli, jicho silihitaji," anasema Bouavanh. "Lakini mume wangu nitakwenda naye. Mshahara wake wa siku hizo kata kwenye wangu."

"Ya nini sasa?"

"Da Nang kuna bahari. Hajawahi kuiona. Hata mimi."

Anousit anajikuna shingo. "Haya, nendeni wote," anasema.

Lori linavuka mto na kurudi mkono wa kulia wa barabara. Khamsing tayari ameivuta kofia usoni.

"Na akilala njia nzima?" anauliza Anousit.

"Atalala. Bahari ikionekana, nitampiga kikofi cha gotini."