Pedali za Kapteni

Mume wangu hajawahi kukosea. Muulize mwenyewe. Ukimletea baiskeli ukasema breki inapiga kelele, atakwambia breki ni nzima, ila wewe ndiye unayeishika vibaya. Mvua ikinyesha siku aliyosema haitanyesha, basi mvua ndiyo iliyokosea. Mtaani wanamwita Kapteni, wachache kwa heshima, wengi kwa kejeli, naye huitika kote kote. Mimi namwita Baba Mwewe, kwa jina la utani alilompa binti yetu tangu alipoanza kutambaa na kukwea juu ya kila kitu.

Ni fundi baiskeli. Karakana yake iko chumba cha mbele, mikono imejaa grisi, lakini akili yake iko angani siku zote. Ndege ya kivita ikipita, humwacha mteja ameduwaa na gurudumu mkononi, akatoka nje na spana yake, na kabla hujaiona ameshakwambia ina injini moja au mbili, imebeba tangi la ziada au haikubeba. Nilipoolewa nilidhani ni mambo ya ujana, yatapita. Kilichopita ni ujana.

Ile stoo ya nyuma mimi nilitaka niweke cherehani yangu ya pili, maana ni mshonaji. Nikajidanganya! Baba Mwewe akaingiza humo kiti cha gari lililogongwa, akapanga skrini tatu za kompyuta zilizochoka, akaanza kuchomelea. Fimbo ya kuongozea ndege, ile inayokaa katikati ya magoti, aliitengeneza kwa bomba la kiti cha baiskeli, na chini yake akafunga springi za tandiko ili ukiiachia irudi yenyewe katikati. Mkono wa kushoto akaweka wenzo wa kuongeza moto wa injini. Miguuni akaweka pedali mbili, kila moja kwenye ncha ya upau wa chuma unaozunguka juu ya beringi, na pembeni kuna kidude cha umeme kinachoiambia kompyuta upau umegeuka kiasi gani. Hizo pedali ndizo zinazougeuza usukani wa mkia wa ndege. Hiyo ndiyo simuleta yake: ukikaa humo, ukawasha, unaruka bila kutoka stoo.

Na Mwewe alikulia humo. Tangu miguu yake ilipoanza kufika kwenye pedali, shuleni akitoka ni stoo, akimaliza vyombo ni stoo. Samaki mkunje angali mbichi, baba yake alikuwa akiniambia kila nilipolalamika. Basi akamkunja. Mtoto akawa anatua kwenye upepo wa ubavuni huku anatafuna karanga.

Mwaka huu jeshi la anga lilitangaza nafasi za vijana wa kusomea urubani. Mwewe akafanya mtihani wa kuandika, akapita. Akabaki na mmoja tu: kukalishwa kwenye simuleta ya jeshi, mmoja mmoja, mbele ya wakaguzi. Anayeshindwa kuituliza ndege, safari yake imeishia hapo. Asubuhi ya siku hiyo aliondoka na basi, amevaa shati nililolishona na kulipiga pasi mwenyewe, na baba yake akamsindikiza hadi kituoni akimpa mawaidha kama vile yeye ndiye mkuu wa majeshi.

Baba Mwewe hakurudi peke yake kutoka kituoni. Alirudi na Sajenti, jirani yetu, mzee aliyestaafu kwenye jeshi hilohilo la anga, fundi wa ndege, amekokota baiskeli ya mjukuu wake iliyokatika mnyororo.

"Kwa hiyo leo ndio leo," Sajenti akasema.

"Asemaye kesho ni mwongo," Kapteni akajibu, kifua mbele. "Njoo uone chuo alichosomea."

Nikawapelekea chai stoo. Sajenti alikuwa amekaa kwenye kiti, anafurahi kweli, anasifu springi, anasifu fimbo. Akapaisha ndege. Akakanyaga pedali ya kulia. Pua ya ndege ikaenda kushoto. Akakanyaga tena, taratibu, akageuka kumwangalia mume wangu.

"Kapteni, pedali zako ziko kinyume."

"Haziko kinyume." Kapteni akacheka. "Shika usukani wa baiskeli, sukuma upande wa kulia uende mbele. Gurudumu linaelekea wapi?"

"Kushoto."

"Basi!"

"Basi nini? Hii ni ndege, si baiskeli. Ukikanyaga kulia, pua inakwenda kulia. Nyaya za hizo pedali nimezifunga nusu ya maisha yangu."

Nikaweka sinia chini nikijua sasa ni ubishi hadi adhuhuri. Na kweli wakaanza, huyu anasema hivi, huyu anasema vile, mpaka Sajenti akamwambia atafute video ya rubani iliyopigwa miguuni, waone. Baba Mwewe akatafuta kwa vidole vya hasira. Akaipata. Mguu wa kulia ukaenda mbele, na dunia yote kwenye kioo cha ndege ikahamia kushoto, maana pua ilikuwa inakwenda kulia. Akairudisha nyuma, akaiangalia tena. Akairudisha tena.

"Nilipozichomeka mara ya kwanza zilikwenda hivyo," akasema. "Nikaona programu imekosea. Kuna mahali pa kugeuza, nikageuza."

Akanigeukia.

"Mama Mwewe, mtoto aliniuliza. Alisoma kwenye kitabu, akaja akaniuliza, baba mbona kitabu kinasema vingine? Nikamwambia hizo ni ndege za abiria, za kivita ni tofauti."

Jamani! Nilitaka kumrukia. Nilimwona mwanangu yuko mbele ya wakaguzi, miguu inafanya kila ilichofunzwa, na kila ilichofunzwa ni kumwangusha. Wala usiniambie angejirekebisha palepale. Jaribu kumwambia mtu anayeendesha baiskeli kwamba leo kushoto ni kulia, uone kama hataokota meno yake barabarani.

Nikapiga simu ya Mwewe. Haipatikani. Sajenti akasema simu hukusanywa getini. "Wanaanza na vipimo vya macho na masikio," akasema. "Mkienda sasa hivi mnaweza kuwahi. Mimi pale hawanijui tena, wa rika langu wote tumeshastaafu. Nendeni, karakana nitailinda."

Muda wa kusubiri basi haukuwepo. Baba Mwewe akachukua baiskeli ya kwanza iliyokuwa nzima, mimi nikarukia keria, mama mzima na kanga yangu, tukaondoka. Mlima ule wa kuelekea kambini nilidhani roho itamtoka. Na mimi sikumwonea huruma, nilikuwa namsema njia nzima: kichwa ngumu, mbishi, hujui kuuliza, hujui kuulizwa, umemuua mtoto kwa majigambo yako. Hakujibu hata moja. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana mume wangu kunyamaza bila kujibu sijawahi kumwona.

Getini walisimama askari wawili. Mmoja alimwona tu, akainua mkono.

"Wewe tena? Si ulionywa wewe?"

Alionywa, ni kweli. Walimkamata kwenye ua wao na darubini, anahesabu ndege, wakamwambia wakimwona tena atalala ndani. Nikashuka kwenye keria.

"Afande," Kapteni akasema, anahema, "nina ujumbe wa binti yangu, yuko ndani kwenye usaili. Kuna, kuna hitilafu ndogo ya kiufundi. Yaani pedali, ukiangalia kwa upande wa mitambo, zina tafsiri mbili..."

"Tafsiri gani? Ondoka hapa."

"Si kwamba kuna aliyekosea, afande, ni mfumo tu..."

Mungu wangu! Mtoto anaangamia huko ndani, huyu bado anatafuta wa kumbebesha mzigo! Kando ya ukuta walikuwepo wazazi wengine wanaosubiri watoto wao, wote wametukodolea macho. Sikuwajali. Nikamshika shati.

"Sema! Mficha uchi hazai! Sema!"

Akaniangalia. Kisha akamgeukia askari, akavua kofia yake.

"Nimekosea, afande. Nimemfundisha mwanangu pedali kinyume, miaka yote. Kosa ni langu. Kama ni kunifunga, nifunge, lakini kwanza mwambieni."

Yule askari akacheka. Wa pili, kijana mwembamba, hakucheka. Akachukua redio yake ya mkononi, akaita ndani, akaeleza. Redio ikakoroma, ikasema haielewi, nani amefundisha nini? Yule kijana akaona tabu, akamsogezea Baba Mwewe redio mdomoni.

"Sema mwenyewe. Kwa sauti."

"Mimi ni baba yake," mume wangu akasema, na wazazi wote pale ukutani wakasogea kumsikiliza. "Mwambieni mguu wa kulia unapeleka pua kulia. Aliniuliza, nikamkatalia. Mwambieni yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

"Rudia."

"Mimi ndiye niliyekosea!"

Redio ikasema, "Imepokelewa," ikazimika. Ataambiwa? Hataambiwa? Ameshaingia, hajaingia? Askari hawakujua, wala hawakumfunga. Walituambia tu tusogee ukutani tukakae na wenzetu.

Tukakaa. Vijana wakaanza kutoka mmoja mmoja. Wa kwanza alitoka anaruka, mama yake akapiga vigelegele. Aliyemfuata alitoka amejifunika uso kwa mkoba. Kila lango lilipofunguka niliinuka kuchungulia. Ndege mbili za kivita zikapaa kambini, zikapita juu yetu kwa kishindo mpaka vumbi likatuingia machoni, na wazazi wote wakainua shingo. Baba Mwewe alikuwa anaangalia lango.

Mwewe akatoka. Alitembea polepole, shati limeloa jasho mgongoni. Mama hahitaji kuambiwa. Nikainuka nikamkumbatia, akaniachia nimkumbatie, lakini macho yake yalikuwa kwa baba yake.

"Nimeshindwa, baba."

Baba Mwewe akamsogelea.

"Waliniwekea upepo wa ubavuni," akasema. "Nikakanyaga kama siku zote, ndege ikazidi kwenda pembeni. Nikakanyaga zaidi, ikazidi. Mikono yangu ilikuwa sawa, baba, kila kitu kilikuwa sawa, na bado ndege ilikuwa inanikataa. Nikamwona mkaguzi anatikisa kichwa. Nikajua ni mimi."

"Mwewe, mwanangu..."

"Ngoja. Akaingia ofisa mmoja mwanamke, ana redio. Akasema mbele ya wote, baba yako yuko getini, anasema mguu wa kulia unapeleka pua kulia, anasema wewe ulikuwa sahihi. Walicheka! Wote walicheka, baba. Nilitamani ardhi inimeze."

"Wakakupa nafasi upya?" nikadakia.

"Hapana, mama. Wakaniacha nimalizie. Kila hatua nikawa nauambia mguu kwanza, kisha nakanyaga. Nilitua. Vibaya, lakini nilitua. Alama zikawa hazitoshi. Wamesema wakipokea tena, nirudi."

"Nisamehe," Baba Mwewe akasema, akanyoosha mkono.

"Usinishike! Nimekasirika." Na kweli alikuwa amekasirika, machozi yanamtoka. "Nilikuuliza, baba. Nilikuuliza!"

"Uliniuliza."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Wazazi wengine wakajifanya wanaangalia kwingine. Nilidhani ataondoka atuache pale, na nisingemlaumu. Alikwenda hatua chache kweli, kisha akarudi, akasimama mbele yake.

"Lakini ungenyamaza," akasema, "leo ningerudi nyumbani nikijua sifai. Nisingejaribu tena, baba. Ningezeeka nje ya ule ua, naangalia ndege za wenzangu."

Baba Mwewe akakaa chini palepale kwenye vumbi, fundi mzima na ndevu zake, akalia mbele ya watu. Mwewe akamwacha alie mpaka akatosheka. Halafu akainua baiskeli iliyolala kando ya barabara, akakaa kwenye keria akiwa amenuna, akamsubiri baba yake aje aendeshe.