Mlio wa Nyumba ya Magurudumu

Juzi nilipita mtaa wa Kabiro kumtembelea mpwa wangu, nikasimama mahali palipokuwa na karakana yetu. Sikupatambua. Kuna ghorofa la vyumba vya kupanga, chini yake saluni na duka la vyuma, na pale tulipochimba shimo la kukagulia magari mama mmoja alikuwa akianika nguo. Nilitaka kuondoka, mara pampu ya maji ikawashwa nyuma ya ukuta, nayo ilikuwa na kasoro. Ko, ko, ko. Nikabaki nikisikiliza.

Ungekuja miaka ile ya tisini ungetukuta hapo, mafundi saba chini ya mabati, harufu ya oili iliyoungua ikichanganyika na ya githeri, mahindi na maharagwe aliyotupikia mama mmoja kando ya lango. Mimi ndiye niliyesifiwa kwa sikio. Sikio hilo nililipata utotoni, huko ziwani, kwa nyanya yangu aliyeuza vyungu. Siku ya soko alinikalisha kando yake, akagonga kila chungu kwa kidole kabla ya kumpa mteja. Kizima kilitoa mlio mrefu. Chenye ufa kilijibu kwa mkato, kama mtu anayeficha jambo. Nikisema "hiki kimepasuka" kwa kukitazama tu, alinichapa kidogo mkononi. "Gonga kwanza," alikuwa akisema. "Mdomo una haraka gani?"

Basi mhubiri mmoja akatuletea gari ambalo hatukuwa tumewahi kuona mfano wake. Lilikuwa basi dogo la zamani lililogeuzwa nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, mapazia ya maua. Wageni walikuwa wamezunguka nalo nchi nyingi hadi wakalichoka, wakamuuzia. Alitaka kwenda nalo masoko ya mbali akihubiri, alale humo na mkewe. Karakana nzima ilicheka. "Pasta, choo ni ya ndani ama mtakuwa mnapanga laini na majirani?" Hata mwenye ploti, mzee aliyezaliwa pale kabla ya barabara, alilizunguka mara mbili akichungulia mapazia. Alishuku tumepangisha mtu kisiri ndani ya uwanja wake.

Injini ilikuwa imechoka. Kazi ya ndani nilimpa mwenzangu wa Kibera, tuliyetoka naye upande mmoja wa ziwa na kulala chumba kimoja miaka ya kwanza ya kutafuta kazi. Kwa injini alinishinda. Tuliipeleka kwake kwa mkokoteni, kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa huko, ikalala siku nne. Nilimpa na beringi mpya alizonunua pasta. Lakini kabla ya kumpa nilizikwaruza pembeni kwa tupa, mistari mitatu midogo, asijue. Mchezo wa kuuza kipuri kipya na kurudisha cha zamani kilichosafishwa tuliujua sote, na hata kwa mtu niliyekula naye sahani moja nilikuwa nimejiwekea shaka yangu akiba.

Injini iliporudi, klachi na giaboksi nilifunga mimi mwenyewe. Tukawasha. Ko, ko, ko.

Nilichukua bisibisi ndefu, ncha nikaiweka kwenye chuma, mpini sikioni. Mlio ulitoka chini, upande wa nyuma. Chini ndiko zilikokuwa beringi. Sikutafuta kingine.

Mwenzangu alikuja mchana, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Omera, ndugu yangu, hebu kanyaga klachi tusikie kama itabadilika."

"Klachi nimefunga mimi."

"Ndiyo maana nasema kanyaga."

"Wewe niambie beringi za pasta ziko wapi."

Wale wengine waliacha vijiko ndani ya githeri.

"Unasema nimeiba?"

"Nasema injini imelala kwako siku nne."

"Basi fungua. Fungua hapa, kila mtu aone."

"Sifungui kitu. Lete beringi."

Hakutukana. Alikusanya spana zake ndani ya gunia, akalitia begani na kushika njia ya Kibera kwa miguu.

Jumapili, wengine wakiwa kanisani, niliifungua injini kwa chini. Nilitaka ushahidi. Beringi ya kwanza ilitoka iking'aa, na pembeni ilikuwa na mistari yangu mitatu. Ya pili vilevile. Nilizitoa zote, moja baada ya nyingine, nikitumaini, naona aibu kuandika hivi, nikitumaini kupata hata moja isiyo na alama.

Nikazirudisha, nikatia oili, nikawasha, nikakanyaga klachi. Mlio ukanyamaza. Nilipoiachilia, ukarudi. Nikateremsha giaboksi, nikakuta flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililo kati ya injini na klachi, linacheza. Boliti zake nilikuwa nimezizungusha kwa vidole tu. Siku ile spana kubwa ilikuwa imeazimwa karakana ya jirani. Iliporudishwa kesho yake, nilikuwa nimesahau.

Nikazikaza. Jumatatu, ile nyumba iliunguruma kama mtu aliyelala usingizi mzuri, na wote wakadhani nimetia beringi nyingine. Mama wa githeri akanimiminia chai bila kuombwa. "Kumbe ulisema ukweli," akasema. "Na vile huyo jamaa alikuwa anakaa mpole." Nikanywa chai. Kisha mhubiri akatukusanya kando ya gari, tukainamisha vichwa, akamwomba Mungu amsamehe yule ndugu aliyeshindwa na tamaa. Nami nikaitika amina.

Nilikwenda Kibera wiki kadhaa baadaye. Habari ilikuwa imenitangulia. Jirani yake, mwanamke muuza samaki, aliniambia watu waliacha kumletea injini, akahama bila kusema anaelekea wapi. Akaniuliza nina ujumbe gani. Nikasema nilikuwa napita tu.

Sasa mabati yamekwenda, na shimo, na githeri ile. Nyumba ya magurudumu sijui ilifia soko gani. Nimewahi kujiambia nitamtafuta mwenzangu, lakini yeye hakuhitaji kuambiwa kwamba hakuiba. Waliohitaji kuambiwa ni wale walioacha vijiko, na mama yule, na mhubiri. Nilikuwa nao kila siku, nikanyamaza. Wametawanyika, wengine wamezikwa, na kila mmoja ameondoka akimjua mwenzangu kwa jina nililompa mimi.

"Mzee, unatafuta mtu?" mama wa nguo akaniuliza.

"Hapa palikuwa na fundi mmoja," nikamwambia. "Hakuiba."

Akaniangalia, akasema, "Sawa, mzee," akaendelea kuanika.